Draiva ya skrini isiyotoka: mwongozo kamili wa kuing'oa kwenye Windows

Mama mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi hapa Tanga aliniletea kompyuta mpakato yake na malalamiko mafupi: "Fundi, kishale kinatoroka." Ilikuwa kweli. Ukisogeza kipanya kulia, kishale kinavuka ukingo wa skrini na kupotea. Siku nyingine programu yake ya mauzo inafunguka lakini haionekani. Alama yake iko pale chini kwenye upau, dirisha lenyewe hujui liko wapi. Miezi kadhaa nyuma mhasibu wake alikuwa akiingia kwenye kompyuta hiyo kwa mbali. Walipoachana, mama aliifuta programu ile ya mhasibu. Programu ikaondoka, ila skrini ya kufikirika iliyokuja nayo ikabaki imening'inia upande wa kulia, na Windows ikaendelea kuihesabu kama skrini halali.

Nikaingia Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vyote vya kompyuta, nikaifuta, nikamrudishia kompyuta na kupokea changu. Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwangu.

Ninayoyaandika hapa nimeyajua kwa aibu ya asubuhi ile. Yanahusu Windows 10 na 11, na baadhi ya sehemu ambako Windows 7 inatofautiana nitazitaja, kwa sababu mashine hizo bado zinanijia.

Unapambana na nini

Programu za kudhibiti kompyuta kwa mbali zinahitaji kuiona skrini ili ziitume kwa mtu aliye mbali. Zamani, enzi za Windows XP hadi 7, nyingi zilitumia draiva ya kioo (draiva ni programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa): adapta bandia inayopokea nakala ya kila kinachochorwa kwenye skrini halisi. Ukikuta jina kama Mirage Driver, mv video hook driver2 au LogMeIn Mirror Driver, hao ndio wazee wa kazi hiyo. Zilikaa ndani kabisa ya kiini cha mfumo, ndiyo maana zikiharibika zilileta skrini ya buluu, na kwenye Windows 7 zilikuwa zikizima urembo wa Aero mara tu zinapoanza kazi. Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 ikiwa na njia yake yenyewe ya kunakili skrini, haja ya draiva hizo ikapungua sana.

Kizazi cha pili kilianza na toleo la 1607 la Windows 10, mwaka 2016. Hiki hakinakili skrini iliyopo, kinaumba skrini mpya isiyo na waya wala kioo. Kinafaa kwa kompyuta isiyo na monita, kwa mtu anayetaka skrini ya ziada akiwa mbali, au kwa anayegeuza simu au tableti kuwa monita ya pili. Parsec Virtual Display Adapter na USB Mobile Monitor Virtual Display ni mifano utakayokutana nayo. Draiva hizi hukaa nje ya kiini, kwa hiyo mara chache zitakuangushia kompyuta nzima. Kero yao ni hiyo ya yule mama, skrini hewa inayomeza madirisha.

Ukishajua hivyo, jambo lenyewe ni moja. Unachokiita "draiva" ni vitu vitatu: kuna programu au huduma (programu inayokimbia chini kwa chini bila dirisha) inayoiita, kuna kifaa bandia kinachoonekana Device Manager, na kuna kifurushi cha mafaili kilichowekwa kwenye ghala la draiva la Windows. Nilipofuta siku ile nilifuta kifaa tu. Aliyekiita alikuwa bado hai na kifurushi kilikuwa ghalani, kwa hiyo kompyuta ilipowashwa aliita tena, akapata tena. Inabidi uanze na anayeita, ufuate kifaa, umalize na kifurushi. Ukigeuza mpangilio huo utashinda siku nzima.

Kabla hujagusa

Kwanza, usifanye kazi hii ukiwa umeingia kwa mbali kupitia programu hiyohiyo. Utakuwa unakata tawi ulilokalia. Kaa mbele ya mashine, na kama ni kompyuta isiyo na monita, chomeka monita. Ikiwa mashine hiyo itarudi kuishi bila monita, kumbuka kwamba skrini bandia huenda ndiyo iliyokuwa ikiwapa picha wanaoingia kwa mbali. Nunua ile plagi ndogo ya HDMI inayoidanganya kompyuta kwamba monita ipo.

Pili, kama hujui ni nani aliyeweka programu ya kuingia kwa mbali, acha habari za skrini kwanza. Kata intaneti. Matapeli wanaojifanya watoa huduma za benki hutumia programu hizihizi za halali. Badilisha nywila zako muhimu ukitumia kifaa kingine, ndipo urudi hapa.

Tatu, weka pa kurejea. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi: bofya kulia kitufe cha Start, chagua Terminal au PowerShell yenye neno Admin. Kisha andika:

Enable-ComputerRestore -Drive "C:\"
Checkpoint-Computer -Description "kabla ya kung'oa draiva"

Amri hizi mbili ni za Windows PowerShell ile inayokuja na Windows. PowerShell 7 haizijui. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, tafuta ufunguo wa kuifungua sasa hivi na uuandike kwenye karatasi. Na hakikisha unaijua nywila ya akaunti, isiwe PIN pekee, kwa sababu kwenye hali salama (Safe Mode, Windows inapowaka na draiva chache za lazima tu) PIN inaweza kukataa.

Hatua ya 1: Jua jina lake

Waganga wa pwani humuuliza pepo jina kabla ya kumpunga. Na hapa ndivyo ilivyo. Andika:

Get-PnpDevice -Class Display | Format-List FriendlyName, InstanceId, Status

Utaona adapta zote za skrini, hata zile ambazo hazijachomekwa kwa wakati huo; hizo hali yake husomeka Unknown. Usibabaishwe na majina, angalia mstari wa InstanceId. Kadi halisi ya michoro huanza na PCI, kisha namba ya mtengenezaji: VEN_8086 ni Intel, VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_1002 ni AMD. Hizo usiziguse. Kifaa bandia huanza na ROOT au SWD.

Tofauti ya hayo maneno mawili ina maana kubwa. Kifaa cha ROOT kiliandikishwa mara moja na kisakinishi na kitabaki hapo hadi mtu akifute. Kifaa cha SWD huumbwa na programu inayokimbia, na kwa kawaida huishi muda ule ambao programu hiyo imekishikilia. Kukifuta SWD huku mwenyewe yuko hai ni kupiga deki huku bomba linavuja.

Kuna majina mawili ya Microsoft ya kuachwa yalivyo: Microsoft Basic Display Adapter, ambayo ndiyo gurudumu la akiba kadi yako ikikosa draiva, na Microsoft Remote Display Adapter, inayojitokeza mtu akiingia kwa Remote Desktop ya Windows yenyewe.

Sasa tafuta kifurushi:

Get-WindowsDriver -Online | Where-Object ClassName -eq 'Display' | Format-List Driver, OriginalFileName, ProviderName, Date, Version

Orodha hii ni ya draiva zilizoletwa na watu wengine, zile za Windows yenyewe hazimo. Mstari wa Driver utakupa jina kama oem27.inf (INF ni faili la maelekezo ya kusakinisha draiva), na OriginalFileName litakuonyesha jina la kweli la faili kabla Windows haijaipa namba. Andika yote kwenye karatasi: jina la kifaa, InstanceId, namba ya oem, mtengenezaji. Namba hiyo ni ya kompyuta hii peke yake. Nimeshapokea mashine iliyopoteza draiva ya sauti kwa sababu mwenyewe alinakili oem12.inf kutoka kwenye video ya mtu.

Hatua ya 2: Mzime anayeiita

Kama programu bado imo, iondoe kwa njia ya kawaida kupitia Settings, sehemu ya Apps. Fanya hivi Windows ikiwa imewaka kawaida, si kwenye hali salama, kwani huduma ya usakinishaji ya Windows haifanyi kazi huko na uondoaji wa programu nyingi utagoma. Baadhi ya programu hizi huiweka draiva ya skrini kwenye orodha kama bidhaa ya peke yake. Panga orodha kwa tarehe ya usakinishaji uone ni nini kiliingia siku moja na programu hiyo.

Kama programu iliondolewa zamani, tafuta huduma iliyosahaulika:

Get-CimInstance Win32_Service | Format-List Name, State, StartMode, PathName

Ni orodha ndefu. Pita ukitazama PathName, utafute folda yenye jina la mtengenezaji uliyemwandika. Ukiipata, tuseme inaitwa HudumaYao:

Stop-Service -Name HudumaYao -Force
sc.exe config HudumaYao start= disabled

Hapa pana mitego miwili. Andika sc.exe kamili: kwenye Windows PowerShell neno sc peke yake ni amri tofauti kabisa ya kuandika ndani ya faili. Na baada ya start= lazima pawe na nafasi; ukiibana, amri itakataa.

Tazama pia Task Manager, sehemu ya programu zinazoanza na Windows, na Task Scheduler. Kisha washa upya kompyuta na urudie amri ya kwanza ya hatua ya 1. Kama kilikuwa kifaa cha SWD, mara nyingi utakikuta kimeshageuka Unknown au hakipo kabisa. Hiyo ni dalili kwamba umempata mhusika. Huduma usiifute bado, imezimwa na inatosha kwa sasa.

Hatua ya 3: Futa kifaa

Wanaopenda kubofya: fungua devmgmt.msc, ingia menyu ya View, chagua Show hidden devices, fungua Display adapters. Vivuli vyenye rangi iliyofifia ni vifaa visivyokuwepo sasa. Bofya kulia kile cha kwako tu, chagua Uninstall device, na kabla ya kukubali weka alama kwenye kisanduku kinachosema kwamba draiva nayo iondolewe. Kisanduku hicho ndicho nilichokiruka siku ya kwanza. Angalia na kundi la Monitors, huko hubaki monita hewa zilizozaliwa na adapta hiyo, nazo zifute.

Wanaopenda amri, kuanzia toleo la 2004 la Windows 10:

pnputil /remove-device "ROOT\DISPLAY\0000"

Weka InstanceId yako, na alama za kunukuu usizisahau, kwani InstanceId nyingi zina alama ya & ambayo PowerShell huitafsiri vingine. Kwenye Windows 7 vifaa vilivyofichika havionekani hadi ufungue dirisha la amri, uandike set devmgr_show_nonpresent_devices=1, kisha uifungue devmgmt.msc kutoka dirisha lilelile.

Skrini inaweza kuzima na kuwaka mara moja au mbili. Ikibaki nyeusi, bonyeza Win, Ctrl, Shift na B kwa pamoja ili mfumo wa michoro uanze upya. Isiposaidia, bonyeza Win na P, kisha mshale wa chini na Enter, ukibadilisha hadi picha irudi kwenye skrini halisi.

Hatua ya 4: Toa kifurushi ghalani

Kama kifurushi bado kimo ghalani, chukua nakala kwanza. Huenda ikaonekana ni woga, lakini ni dakika moja tu:

mkdir C:\akiba
pnputil /export-driver oem27.inf C:\akiba

Kisha:

pnputil /delete-driver oem27.inf /uninstall

Neno /uninstall linaiambia Windows ikitoe kifurushi hicho kwenye kifaa chochote kinachokitumia ndipo ikifute. Bila hilo, kama bado kuna kifaa kimoja, hata kivuli, amri itakataa na kulalamika kwamba INF hiyo inatumika. Ikikataa hata hivyo, rudi hatua ya 3, mara nyingi kuna kivuli cha pili umekiruka. Mara ya mwisho kabisa ndipo unaongeza /force. Mimi huichukia hiyo /force, kwa kuwa hulazimisha ufutaji kifurushi kikiwa bado kinatumika, na kifaa hubaki Device Manager na alama ya njano. Kwenye Windows 7 amri ni ya mtindo wa zamani:

pnputil -d oem27.inf

Kampuni moja huweza kuacha matoleo matatu au manne ya draiva ileile, kila sasisho na lake. Rudia orodha ya hatua ya 1 na uyatoe yote. Kwa asiyetaka kuandika amri ipo programu ya bure, Driver Store Explorer, inayoonyesha ghala lote kwa jedwali. Wengi pia huniuliza kuhusu Display Driver Uninstaller. Ni chombo kizuri, ila kimetengenezwa kwa ajili ya kadi za NVIDIA, AMD na Intel. Ukiitumia hapa utang'oa kadi halisi na kuiacha ile bandia ikikutazama.

Kosa la kutoingia hata kwa bahati mbaya: usiende kufuta mafolda kwa mkono ndani ya C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository. Windows ina daftari lake la vilivyomo, na ukifuta kwa mkono daftari na ghala havitalingana tena.

Hatua ya 5: Masalia

Washa upya. Hakikisha Display adapters ina kadi yako halisi tu. Sasa huduma uliyoizima unaweza kuifuta:

sc.exe delete HudumaYao

Ikikujibu kwamba imewekewa alama ya kufutwa na haiishi, funga dirisha la services.msc kama umeliacha wazi. Hilo dirisha hushikilia huduma isife.

Kwa draiva za zamani za kioo, chungulia C:\Windows\System32\drivers. Faili kama dfmirage.sys, mv2.sys au lmimirr.sys likiwa bado lipo wakati kifaa, kifurushi na huduma vimeshaondoka, unaweza kulihamishia C:\akiba. Tafuta pia kama jina lake limebaki kwenye rejista (Registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows, hufunguliwa kwa regedit) chini ya HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services. Kama lipo, hifadhi tawi hilo kwanza kwa reg export, kisha lifute.

Kuna salio moja ambalo si draiva. Windows hukumbuka mpangilio wa skrini zote ilizowahi kuziona, na wakati mwingine kumbukumbu hiyo ndiyo inayofungua madirisha pembeni hata baada ya adapta bandia kuondoka. Imo hapa:

HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\GraphicsDrivers

Ndani yake kuna matawi ya Configuration na Connectivity. Hifadhi tawi zima la GraphicsDrivers, futa vilivyomo ndani ya hayo mawili tu, uwashe upya. Windows itayajenga upya kwa skrini inazoziona kweli. Utalazimika kupanga tena ukubwa wa maandishi na nafasi za monita, basi. Na dirisha likiwa bado limejificha, lichague kwa Alt na Tab, kisha bonyeza Win na Shift na mshale wa kushoto ulirudishe nyumbani.

Windows isipowaka vizuri

Shikilia Shift huku ukichagua Restart. Utapelekwa kwenye skrini ya uokoaji. Usipofika hata kwenye ukurasa wa kuingilia, zima kwa kitufe cha umeme mara mbili tatu mfululizo Windows inapoanza kupakia, itaingia yenyewe. Kutoka hapo chagua Troubleshoot, Advanced options, kisha Startup Settings kwa hali salama. Katika hali salama draiva hizi kwa kawaida hazipakiwi, kwa hiyo hatua ya 3 na 4 hufanyika kwa utulivu.

Hali salama nayo ikikataa, chagua Command Prompt humohumo kwenye uokoaji. Herufi za diski huku zinaweza kuwa zimebadilika, jaribu dir C:\Windows, kisha D:, hadi uione Windows yako. Halafu:

dism /image:C:\ /get-drivers /format:table
dism /image:C:\ /remove-driver /driver:oem27.inf

Windows ikiwa imelala hakuna huduma inayoweza kuishikilia draiva. Njia hii imeniokoa kwenye mashine mbili zilizokuwa zikizunguka kwenye skrini ya buluu. Lakini iangalie namba ya oem mara mbili, hapa hakuna wa kukuuliza kama una uhakika.

Ikirudi tena

Turudi kwa mama wa vifaa vya ujenzi. Mara ya pili nilifuata mpangilio wote huu, nikaiwasha upya mara mbili mbele yake, ikawa safi. Siku ya tatu kishale kikatoroka tena.

Windows huandika kila usakinishaji wa kifaa kwenye faili liitwalo setupapi.dev.log, ndani ya C:\Windows\INF. Lifungue kwa Notepad, utafute jina la INF la asili uliloliandika kwenye karatasi, kisha panda juu kidogo hadi mwanzo wa sehemu hiyo. Utakuta tarehe na saa, na mstari unaoanza na cmd: unaotaja programu iliyoagiza usakinishaji. Mimi nilitarajia kuliona jina la programu ya mhasibu. Nililoliona ni jina la programu nyingine kabisa, ya kugeuza tableti kuwa monita ya pili, na saa ilikuwa saa tatu usiku.

Nikamuuliza mama ni nani hutumia kompyuta usiku. Akacheka, akampigia simu kijana wake. Kijana alikuwa akiunganisha tableti yake ili atazame mpira upande mmoja huku akifanya kazi za chuo upande wa pili, na kila alipokuta "imeharibika" aliisakinisha upya. Tukakubaliana atumie akaunti yake mwenyewe isiyo na mamlaka ya msimamizi, na nywila ya msimamizi abaki nayo mama.